Sauti na Kimya: Amandina Lihamba Jukwaani na katika Sinema

Waigizaji ni wa namna mbili. Wako wale ambao watazamaji huja kuwaona wao wenyewe. Wawe wafalme au wezi katika mchezo, wao hubaki ni wale wale. Na wako wale wajifichao ndani ya watu wawaigizao, hata mtazamaji akasahau kwamba alikuja kutazama mchezo. Marekani inao wengi wa namna hii ya pili, ambao nyuso zao zajulikana na mamilioni, na majina yao na wachache. Sisi nasi tunao, ila hatujazoea kuandika habari zao. Makala haya yakusudia kueleza kazi ya mmoja wao, Profesa Amandina Lihamba, aliyezaliwa mwaka 1944, mwigizaji, mwandishi wa tamthilia, na mwalimu wa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sanaa yenyewe si ngeni kwetu. Hapa Mwika, bibi asimuliapo hadithi jikoni jioni, humtwaa sungura kwa sauti moja na zimwi kwa sauti nyingine, na wajukuu huliogopa zimwi ilhali wanamwona bibi yao mbele ya macho. Sauti ndiyo silaha yake kubwa. Lakini sinema za awali zilizopigwa Tanganyika hazikuipa sauti ya mwigizaji heshima hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Waafrika waliigiza katika filamu hizo. Lakini kamera ilinasa picha peke yake, na maneno yakatiwa katika sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali, ili yapigwe wakati wa kuonyesha. Basi mtu wa kwetu alionekana akifumbua kinywa, na maneno yaliyosikika yalitoka katika sahani. Swali la nani anena kwa kinywa cha nani lilizaliwa pamoja na sinema yenyewe katika nchi hii, nalo ndilo litakalotuongoza katika kuitazama kazi ya Lihamba.

Idara ya Sanaa za Maonyesho ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Jukwaa la siku hizo lilikuwa na kiu ya maneno. Mwaka 1980 ilichapishwa tamthilia ya Lihamba, Hawala ya Fedha, iliyotokana na kisa cha Ousmane Sembène wa Senegal. Sembène alikuwa amekiandika kisa hicho mwaka 1966, na mwaka 1968 akakifanya sinema. Ni habari ya mtu maskini apelekewaye hawala kutoka Paris, naye asiweze kuichukua kwa kuwa hana vyeti vya kumtambulisha mbele ya makarani. Yupo hai, watu wote mtaani wamjua, lakini ofisini si mtu. Lihamba alikichukua kisa hicho akakileta jukwaani kwa Kiswahili, na mtazamaji wa Dar es Salaam hakuhitaji kufasiriwa foleni ya dirishani. Mwaka 1982 ikafuata Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya.

Wakati huo huo akatoka nje ya ukumbi. Mwaka 1982 na 1983, yeye pamoja na Penina Mlama (ndiye huyo Muhando) na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliketi na wanakijiji, wakasikiliza matatizo yao, miongoni mwayo mimba za wasichana wadogo, kisha wanakijiji wenyewe wakayaigiza matatizo hayo kwa ngoma na michezo, na kuyajadili mbele ya watu. Hapo mwigizaji aliyefunzwa chuoni hakuwa tena mwenye kusema. Kazi yake ilikuwa kumwachia nafasi asemaye. Yafaa tulikumbuke jambo hili, maana kwa maoni yangu ndilo lililomwandaa kwa kazi yake kubwa ya sinema.

Mwaka 1985 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds, kwa utafiti juu ya siasa na maonyesho ya Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Mwaka huo huo ilitoka filamu fupi, Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, juu ya mwanamke mgonjwa na hofu yake ya waganga wa jadi. Lihamba alikuwa miongoni mwa waigizaji wake. Atokaye jukwaani kuingia katika sinema hulazimika kujifunza kazi yake upya. Jukwaani sauti haina budi kumfikia aliyeketi nyuma kabisa, na mkono huinuliwa juu ili uonekane. Kamera husogea hata ikahesabu kope. Kilichokuwa nguvu jukwaani huwa kelele mbele yake.

Ndipo ikaja Maangamizi, sinema ndefu iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo Tanzania iliipeleka Marekani mwaka 2001 kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu kupeleka filamu katika mashindano hayo. Ya pili, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ilipelekwa mwaka 2022. Katika Maangamizi, mwigizaji Mmarekani BarbaraO ni Asira, daktari wa maradhi ya akili. Mwanajuma Ali Hassan ni Maangamizi, mzimu wa mababu. Naye Lihamba ni Samehe, mgonjwa ambaye hajatamka neno kwa miaka ishirini. Mwanamke aliyeishi kwa maneno, mwandishi na mwalimu wa kunena, alipewa mtu asiyenena.

Msomaji aweza kuuliza: je, huku si kurudi Vugiri, Mwafrika aonekane tu asisikike? La, si hivyo. Kule Vugiri sauti haikunaswa. Hapa mwigizaji ameizuia mwenyewe, na mtazamaji aona jinsi inavyozuiwa. Kimya cha Samehe kina sababu, kina maumivu na kina historia, na daktari mgeni mwenye elimu yake yote hana budi kujifunza kukisikiliza. Na tusisahau kwamba mwaka 1996 Lihamba na Mlama walikuwa wameanzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa shule za sekondari huyachambua matatizo yao na kuyatoa hadharani kwa njia ya maigizo. Mtu aliyewasikiliza wasichana walionyamazishwa alijua kimya kina uzito gani. Hakuhitaji kukibuni, alikitwaa kwa watu, kama bibi atwaavyo sauti ya zimwi.

Lakini iko hasara ambayo yatupasa kuitaja. Mchezo wa jukwaani huisha taa zizimwapo. Hubaki andiko, na andiko halituelezi mwigizaji alisimamaje wala alinyamaza wapi. Sinema hudumu, lakini yafaa nini ikidumu mbali na macho ya wenyewe? Wanafunzi wengi wa shule zetu za mlimani wawajua waigizaji wa Marekani, Nigeria na Korea, na hawajawahi kuiona Maangamizi. Wengi waliotazama michezo ya miaka ya 1970 na 1980 ni wazee sasa. Kila idara ya Kiswahili na ya sanaa yaweza kuwatuma wanafunzi wake wakawahoji, wakaandika nani aliigiza nini, wapi, na watazamaji walipokeaje. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, ila haiwezi kungoja sana.