Jina la Ukerewe na Neno Letu Katika Ramani ya Kale

Katika toleo hili la kuadhimisha hekalu letu, tumeona vema kuandika habari za nchi ambayo wazee wetu waliikuta ikiwa tayari na majina yake.

Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, umekaa upande wa kusini-mashariki wa kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria. Wenyeji huiita nchi yao Bukerebe; Kiswahili kikasema Ukerewe. Zamani jina hilo lilikipita kisiwa chenyewe kwa ukubwa, maana wafanyabiashara Waarabu wa Tabora waliliita ziwa zima Ukerewe, na ndivyo Burton na Speke walivyolisikia, kabla Speke hajaliona kwa macho yake huko Mwanza mwaka 1858.

Speke alikuwa ofisa katika jeshi la Bengal. Mkono wa maji uingiao nchi kavu upande wa kusini aliupa jina Jordans Nullah. Jordans ni nyumba ya kwao Uingereza. Nullah ni neno letu, nala, yaani kijito. Baadhi yetu, tulipoiona ramani hiyo, tulitaka kuandika kwamba lugha yetu ilitangulia kufika ziwani. Tumejizuia. Neno lile lililetwa na askari mgeni. Wahindi wenye maduka na vinu vya pamba walikuja miongo kadhaa baadaye, nao walijifunza majina waliyoyakuta. Mwenye duka asiyeweza kutamka jina la kijiji atamtafuta wapi mdeni wake?

Nala ya Speke imefutika. Leo twasema Ghuba ya Mwanza. Ghuba ya Speke, iliyopewa jina hilo na Stanley mwaka 1875, ingali inatenganisha kisiwa na pwani ya kusini. Victoria amelichukua ziwa, na Ukerewe limerudi kisiwani. Lakini kata za Nansio na jirani zake, Bukongo, Kakerege, Nakatunguru, Nkilizya, zinatajwa kwa majina ya wenyeji, nasi tumeagiza yaandikwe hivyo hivyo katika kurasa zote za kitabu hiki.

Hata sasa, abiria akiulizwa bandarini Mwanza aendako, hujibu, “Ukerewe,” ingawa meli yake itatia nanga Nansio.