Nyumba ya konteina inahitaji kibali? Historia fupi ya neno "ya muda"

UZI 🧵

1/ Kila tingatinga likiangusha vibanda, siasa inarudi pale pale. Huyu anasema "sheria ni sheria." Yule anasema "mnamwonea mnyonge." Katikati yuko mtu amenunua konteina au nyumba ya kuunganisha, na muuzaji amemwambia, "Hii haitaki kibali, ni ya muda." Leo tufuate hilo neno moja: ya muda. Limetoka mbali.

2/ Reli ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Mji ulianza kama kambi: mahema, mbao, mabati. Vitu vya kuunganishwa haraka na kuhamishwa ikibidi. Kwa hivyo, wa kwanza kujenga "ya muda" hapa si mama mboga. Ni serikali na reli yake.

3/ 1902 ikaja tauni. Soko la Wahindi likachomwa kwa amri ya wakubwa. Kuanzia hapo ujenzi na afya vikafungwa kamba moja. Kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, akapendekeza makao yatengwe kwa rangi ya watu. Kanuni za usafi zikawa mpaka wa rangi.

4/ Mwafrika je? Alihesabiwa mgeni mjini: njoo ufanye kazi, kisha urudi kwenu. Pumwani ilipoanzishwa mapema miaka ya 1920, watu walijijengea nyumba za udongo, lakini ardhi haikuwa yao. Nyumba yako, ardhi ya wenyewe. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya "ya muda": unaweza kukaa, lakini usizoee.

5/ Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa na leseni ya kukalia ardhi ya serikali kwa muda. Uhuru ulipokuja, leseni hiyo haikwenda na mkoloni. Wenye vibanda na gereji wanaijua kwa jina moja: TOL. Unalipa kila mwaka, miaka ishirini inapita, watoto wanasomeshwa kwa hicho kibanda. Halafu siku moja notisi inabandikwa mlangoni.

6/ Na serikali yenyewe? Polisi wetu wameishi miongo kadhaa kwenye uniporti, zile nyumba za duara za mabati, joto mchana na baridi usiku. Nazo ni nyumba za kuunganisha, tena za "muda". Hakuna tingatinga lililotumwa huko. Kumbe muda ni mfupi au mrefu kulingana na mwenye nyumba ni nani.

7/ Sasa kanuni za ujenzi. Zile za 1968 zilirithi mawazo ya Uingereza: nyumba halali ni ya kudumu, na vifaa vyake vimetajwa. Kwa mtu wa kipato kidogo, kufuata kila kitu ilikuwa ndoto. Kulikuwa na daraja la pili lililolegezwa, lakini kwa maeneo maalum tu. 1995 kanuni zikarekebishwa, na swali likaanza kubadilika: badala ya "ukuta ni wa nini?" likawa "ukuta unafanya kazi yake?" Hapo ndipo vifaa vya bei nafuu vilipata mlango.

8/ 2010 Katiba ikapeleka mipango ya miji kwa kaunti. Sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inataka kibali kabla ya "uendelezaji", yaani kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi, au kubadilisha matumizi yake kwa kiasi kikubwa. Haiulizi kama ni mawe au mabati. Ukijenga bila kibali: faini hadi shilingi 500,000, au jela hadi miezi 2, au vyote. Kisha Kanuni mpya ya Taifa ya Ujenzi ya 2024 ikachukua nafasi ya zile za 1968.

9/ Kwa hivyo muuzaji amekudanganya. Ukishaiweka kwenye ploti ukaunganisha maji, stima na choo, kaunti inahesabu hilo ni jengo. Andaa: hati ya ardhi, risiti za ada ya ardhi, michoro ya msanifu majengo aliyesajiliwa, na ya injinia kwa msingi na fremu. Ploti ni ya makazi na wewe unataka duka? Omba kubadilisha matumizi kwanza. Wengi huangukia hapo.

10/ Lakini sheria inakata pande mbili. Usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kimetolewa. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango, na ukishindwa huko, Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Tunza kila stakabadhi yenye tarehe. "Njoo kesho" ya mdomo haitakusaidia kortini.

11/ Usinielewe vibaya, kibali kina kazi. Huruma, Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka na watu zaidi ya 40 wakafa. Lile halikuwa la mabati. Lilikuwa la mawe na zege, la "kudumu". Usalama haupimwi kwa kifaa. Unapimwa kwa ukaguzi.

12/ Basi akija mgombea na "nitabomoa" au "sitabomoa", muulize maswali matatu. Kaunti yako itajibu maombi ndani ya siku ngapi? Mwenye konteina moja atalipa ada sawa na mwenye ghorofa kumi? Na wale waliolipia TOL miaka yote, watahamishiwa wapi kabla tingatinga halijawashwa?

Akishindwa kujibu, basi ahadi yake nayo ni ya muda. Mtumie uzi huu jirani anayepanga kununua konteina.