Mtafiti wa Siku ya Tatu: Kurudi kama Mbinu ya Kuchunguza Tabia za Watu Rufiji na Kibiti

Ikisiri

Makala haya yanajadili mbinu za kuchunguza tabia za watu kwa kutumia mifano ya bonde na delta ya Rufiji. Yanadai kwamba ubora wa data za tabia hutokana na mtafiti kuwarudia watu walewale kuliko ufundi wa dodoso lake, na kwamba kurudi huko nako kunaleta upogo wake, ambao lazima utajwe wazi.

Utangulizi

Sensa ya mwaka 2022 iliuliza nani alilala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kwa mkazi wa Kariakoo, hilo ni swali jepesi. Kwa Mrufiji, Agosti ni wakati ambapo mazao ya mlau, yaliyopandwa maji ya mafuriko yalipopungua, bado yako bondeni. Baba anaweza kuwa amelala dunguni akiwinga nguruwe, mama akawa kijijini na watoto wa shule, na kijana wao mkubwa akawa dago, yaani kambi ya wavuvi, akivua kamba. Hiyo ni kaya moja, au ni tatu?

Umbali baina ya nyumba na shamba una historia. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bonde na kuwapeleka vijiji vya ujamaa vilivyojengwa maeneo ya juu. Watu walihama, mashamba yenye rutuba yakabaki chini. Kjell Havnevik, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu Rufiji, aliionyesha mipaka ya maendeleo yanayopangwa kutoka juu. Onyo hilo linaihusu pia mbinu ya utafiti: dodoso lenye kisanduku kimoja cha "makazi" ni mpango uliotoka juu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watafiti wengi huondoka siku ya pili.

Kuhesabu kwa kurudi

Mwaka 1998, chini ya mradi wa TEHIP uliozihusisha Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada, ulianzishwa mfumo wa kufuatilia idadi ya watu na afya Rufiji, ambao baadaye uliendeshwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Wadadisi walizipitia kaya zote za eneo la mfumo, kaskazini mwa mto, kila baada ya miezi minne: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama, nani amehamia. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine, wanakijiji walioteuliwa walitoa taarifa za uzazi na misiba.

Nguvu ya mfumo huu iko katika masahihisho. Mtu aliyekosekana Februari kwa sababu yuko dunguni huonekana Juni; aliyeandikwa kuwa amehama huondolewa kwenye orodha hiyo akionekana amerudi. Utafiti wa mara moja hauna nafasi ya kugundua kosa lake wenyewe.

Degedege na dhana ya mganga

Faida ya utaratibu huo ilionekana mwaka 2004, Don de Savigny na wenzake walipochapisha katika Malaria Journal uchambuzi wa vifo vya Rufiji vilivyohusishwa na malaria. Ndugu wa marehemu walikuwa wamehojiwa kuhusu dalili na safari ya kutafuta tiba. Dhana iliyokuwa imezoeleka ni kwamba watoto hufa kwa sababu wazazi hukimbilia kwa mganga, hasa ugonjwa ukiwa na degedege. Matokeo yalikuwa kinyume: karibu wanane kati ya kila kumi waliofariki walikuwa wamepelekwa kwanza kwenye tiba ya kisasa, na hata kwa degedege wengi walielekea huko. Swali likageuka. Badala ya kuuliza kwa nini watu hawaendi hospitali, ikabidi kuuliza kwa nini wanakufa ingawa wamekwenda.

Msomaji makini atapinga: mfiwa anamjua mdadisi kuwa ni mtu wa upande wa afya, kwa nini amtaje mganga? Pingamizi hili lina uzito, na wingi wa sampuli hauliondoi. Majibu elfu moja yakiegemea upande mmoja, wastani wake utaegemea hukohuko. Kinachosaidia ni kuleta mbinu ya aina nyingine. Vinay Kamat, katika makala yake ya 2008, alikusanya masimulizi ya degedege miongoni mwa Wazaramo. Simulizi huhifadhi kile ambacho msimbo wa takwimu hukifuta: kusitasita, ushauri wa bibi, nauli iliyokosekana. Takwimu hutuambia njia gani ilifuatwa na wengi. Simulizi hutuambia njia panda ilikuwa wapi.

Kura na sababu

Mbinu yenye heshima kubwa leo ni jaribio la nasibu. Mradi wa Connect, uliozinduliwa 2011, ulichukua vijiji 101 vya Rufiji, Kilombero na Ulanga, na kwa kura vijiji 50 vikapewa Wawezeshaji wa Afya ya Jamii, maarufu kama WAJA. Vingine vikabaki vya ulinganisho. Kura huondoa shaka kwamba vijiji vilivyopata huduma vilikuwa bora tangu mwanzo. Lakini jaribio hilo lilitegemea mifumo iliyokuwa tayari ikizipitia kaya na kuandika vifo. Bila watu wa kurudi, kura ingetoa makundi mawili yasiyo na kipimo.

Delta na hofu

Mikoko ya delta inaonyesha hatari ya kutazama kwa mbali. Picha ya setilaiti huonyesha mikoko iliyokatwa kwa ajili ya mpunga. Haionyeshi kama mkulima ataliacha shamba baada ya miaka michache na mikoko ikarudi. Mwaka 2012 Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett walidai kwamba maandalizi ya mpango wa kaboni yaliwachora Warufiji kama waharibifu. Mwaka uliofuata Neil Burgess na wenzake walipinga vikali. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi. Kilichogombewa hasa ni urefu wa muda: miaka mingapi ya kumtazama mkulima inatosha kumwita mharibifu?

Kurudi nako kuna mipaka. Kati ya 2015 na 2017, viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa Kibiti, Rufiji na maeneo jirani. Katika mazingira kama hayo, mtu mwenye orodha ya majina anayeuliza nani amelala wapi haulizi tena swali la takwimu. Maneno ni yaleyale, lakini kwa mwenye nyumba maana yake imebadilika, na kunyamaza kwake ni tabia inayostahili kuandikwa, si "jibu limekosekana". Vilevile kaya iliyotembelewa kwa miaka hujifunza mdadisi anataka kusikia nini.

Hitimisho

Ripoti za utafiti wa tabia hutaja ukubwa wa sampuli na aina ya uchambuzi. Ziongezewe mambo matatu: mtafiti alirudi mara ngapi, katika msimu gani wa mto, na mwenyeji alimwona ni mtu wa nani. Pasipo hayo, baba aliyelala dunguni Agosti ataendelea kuhesabiwa kama mtu aliyehama.