Seva Haipimwi kwa Kompyuta Moja

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipotoka chuoni, nilitengeneza mfumo wa malipo kwa kampuni moja hapa Nairobi. Usiku wa kuamkia uzinduzi niliketi nyumbani Ziwani, nikaiambia laptopu yangu ijifanye watu 500 na kuushambulia mfumo. Majibu yakaja, ingawa polepole, nami nikalala usingizi mzito. Kesho yake saa nne asubuhi wateja wa kweli wakaingia, na mfumo ukazimia.

Baadaye ndipo nikagundua kwamba usiku ule sikuipima seva kamwe. Laptopu ilielemewa kwanza, ikawa inatoa maombi machache machache, na seva ikayahudumia bila kutoka jasho. Nilikuwa nimeipima laptopu yangu!

Swali hili la watu wangapi watakuja kwa pamoja ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1909, Mdenmaki Agner Krarup Erlang, mfanyakazi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za jinsi simu zinavyoingia bila mpangilio, kazi iliyosaidia kukadiria laini zinazohitajika.

Wavuti ulipokuja, swali lilirudi. Mwaka 1998 Stefano Mazzocchi alitoa JMeter ili kupima Apache JServ. Kisha ikaja The Grinder, iliyoandikwa na Paco Gómez kwa ajili ya kitabu alichoshirikiana na Peter Zadrozny kuhusu seva za Java. Baadaye Philip Aston aliichukua na kuijenga upya.

Muundo wa The Grinder ni rahisi kuuelewa. Kompyuta moja ndiyo konsoli, yaani msimamizi. Kompyuta nyingine zina mawakala, na kila wakala huzalisha wafanyakazi wanaotuma maombi. Msimamizi akitoa amri, wote huanza kazi, na takwimu humrudia yeye. Mashine moja ikielemewa, unaongeza nyingine.

Lakini wingi peke yake hautoshi. Fikiria mwisho wa mwezi hapa mtaani: mama anatuma kodi ya nyumba kwa simu, jirani anaangalia salio tu, kijana amekosea namba ya siri na anajaribu tena. Hawa hawafanani, na hawailemei seva kwa namna moja. Ndiyo maana The Grinder 3 iliacha uandike tabia ya mtumiaji kama programu kamili, kwa lugha ya Jython. Hapo ndipo unyumbufu ulipo.

Kuna zana nyingine pia. Tsung iliandikwa kwa lugha ya Erlang, iliyozaliwa Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu. Naam, jina lile lile la yule Mdenmaki. Mwaka 2011 ikaja Locust, yaani nzige, inayotumia Python. Sisi tuliowaona nzige wenyewe wakivamia Kenya kuanzia mwisho wa 2019 hatuhitaji kuelezwa jina hilo.

Mahali pa kupimia pia pana maana. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, lakini mitambo yake ilikaa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Anayepima mfumo wa namna hiyo akiwa kando ya seva haoni safari anayoipitia mtumiaji wa Ziwani.

Sasa, mbinu hii ina pacha wake mbaya. Julai 2023 eCitizen, mlango wa maelfu ya huduma za serikali yetu, ilifurikishwa kwa maombi kupita kiasi. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Huduma zikakwama, hata serikali ikalazimika kuahidi viza kwa wageni wanapowasili. Mashine nyingi, shabaha moja: kiufundi ni jambo lile lile, tofauti ni ruhusa. Kwa hiyo, ndugu yangu, usielekeze zana hizi kwenye seva isiyo yako. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ipo.

Nilirudia jaribio langu kwa mashine nne nilizoazima kwa marafiki. Seva ilianguka kabla ya watu 200. Ningelijua hilo usiku ule, nisingelala, lakini wateja wangelipa. Siku hizi, kabla ya kuitazama seva, naangalia kwanza kama mashine zinazopima zinapumua.