Upepo wa Ubavuni na Ajali za Ndege Ndogo zenye Gurudumu la Mkia

Sirari, mji wa mpakani wilayani Tarime, mkoani Mara, hujulikana zaidi kwa malori yanayovuka kwenda na kutoka Kenya. Hata hivyo, kusini mashariki mwake, katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kazi nyingi hutegemea ndege ndogo: kuhesabu wanyamapori, kufuatilia majangili na kusafirisha watalii. Ndege hizo hutumia viwanja vya changarawe na udongo, kama kile cha Kogatende kilichoko karibu na Mto Mara.

Baadhi ya ndege zinazofaa viwanja vya aina hiyo, zikiwemo Cessna 180, Cessna 185 na Piper Super Cub, zina magurudumu makubwa mawili mbele na gurudumu dogo mkiani. Umbo hilo huinua pua na panga boi mbali na mawe na nyasi. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitumia Dornier Do 27, ndege ya aina hiyo iliyopakwa milia ya punda milia, walipohesabu wanyama wa Serengeti. Michael alifariki dunia tarehe 10 Januari, 1959, ndege hiyo ilipoanguka baada ya kugongana na tumbusi angani, akazikwa Ngorongoro. Ajali hiyo haikusababishwa na upepo. Kwa ndege za umbo hilo, hatari iliyozoeleka zaidi hujitokeza zikiwa tayari zimegusa ardhi.

Sababu yake ni mahali ulipo uzito. Kitovu cha uzito wa ndege hizi kiko nyuma ya magurudumu makubwa. Mkokoteni unaovutwa na ng'ombe hufuata njia, lakini ukisukumwa kutoka nyuma hupinda upesi. Vivyo hivyo, ndege ikianza kupinda kidogo, uzito wa nyuma huzidisha mpindo huo hadi ndege izunguke ghafla. Matokeo yake ni bawa kukwaruza ardhi, mguu wa gurudumu kuvunjika au ndege kupinduka.

Upepo wa ubavuni ndio huanzisha mpindo huo. Husukuma mkia, nayo pua huelekea upande upepo unakotoka. Nguvu yake hutegemea pembe: upepo wa kilomita 30 kwa saa ukija kwa nyuzi 30 kutoka uelekeo wa njia ya kutua, sehemu inayosukuma ubavuni ni kilomita 15 kwa saa, kwa nyuzi 60 hufikia takriban 26. Kadiri mwendo unavyopungua, usukani wa mkia hupoteza nguvu, hivyo hatari huongezeka rubani anapodhani amekwisha kutua.

Ili kujikinga, rubani huinamisha bawa la upande wa upepo, hunyoosha pua kwa usukani wa mkia, kisha hugusa ardhi kwa gurudumu la upande huo kwanza. Huendelea kudhibiti mabawa na usukani mpaka ndege isimame kabisa. Ndege ikikosa mwelekeo kabla ya kugusa ardhi, ni salama zaidi kupaa tena na kujaribu upya, au kwenda kiwanja chenye njia inayoelekeana na upepo.

Muda nao una umuhimu. Joto la mchana huleta upepo wa ghafla na vimbunga vya vumbi, na kandokando ya Ziwa Victoria upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu. Asubuhi mapema kwa kawaida hali huwa tulivu zaidi.

Wananchi wanaoishi jirani na viwanja hivyo wana wajibu pia. Mfuko wa kuonesha upepo usiondolewe, na mifugo isiachwe njiani, kwa kuwa rubani anayelazimika kupaa tena anahitaji njia iliyo wazi. Ajali ikitokea, baada ya kuokoa watu, mabaki yasiguswe. Kwa mujibu wa taratibu za kimataifa, uchunguzi wa ajali za ndege hulenga kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Alama za magurudumu ardhini mara nyingi ndizo zinazoeleza mpindo ulianzia wapi.