Mkono Chini ya Chura

Basi bwana, yule chura! Mliokua na deki nyumbani mnamkumbuka: wa kijani, miguu kama kamba, sauti ya mtu aliyechoka lakini hajakata tamaa. Kermit. Sisi tulimwona kwa mjomba, kwenye mkanda uliokuwa ukirukaruka. Kiingereza hatukijui, tulicheka tu Miss Piggy, yule nguruwe, alivyokuwa akipiga watu karate.

Ukubwani ndipo nikajiuliza: ni nani aliyekuwa chini?

Jim Henson, Mmarekani, alimtengeneza Kermit mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake. Macho ni mpira wa tenisi ya meza uliokatwa nusu. Henson alikuwa na miaka 18 tu, na kikaragosi chenyewe wakati huo hakikuwa hata chura, bali kiumbe fulani kisichoeleweka. Baadaye Sesame Street, iliyoanza 1969, ikampa jina, lakini kwa watoto. Jamaa alitaka na wakubwa wacheke. Televisheni kubwa za Marekani zikamkatalia, akaenda kupokewa Uingereza na Lew Grade. Huko ikazaliwa The Muppet Show, 1976 hadi 1981, vipindi 120.

Halafu sinema. Ile ya kwanza, The Muppet Movie ya 1979, ina sehemu chura amekaa juu ya gogo kinamasini, anapiga banjo kwa raha zake. Kumbe chini ya maji, ndani ya tangi la chuma, Henson amejikunja kama samaki wa kopo, mkono ameupitisha juu ndani ya gogo, anatazama kitelevisheni kidogo ili ajue chura wake anafanya nini. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na sikuuona mkono hata siku moja.

Tarehe 16 Mei 1990 Henson akafa kwa maambukizi ya bakteria. Miaka 53.

Wenzake wangeweza kumweka chura kabatini. Hawakufanya hivyo. Mwaka 1992 ikatoka The Muppet Christmas Carol, kutoka kitabu cha Charles Dickens, na aliyeiongoza ni Brian, mtoto wa Henson. Kermit akapewa mkono na sauti ya Steve Whitmire. Ni kichekesho kweli: panya makarani wanaomba makaa maana ofisi ni baridi, tajiri Scrooge anawakemea, na papo hapo wamevaa nguo za pwani, eti wanasikia joto! Michael Caine, anayeigiza Scrooge, hacheki hata kidogo. Anaongea na panya kama anavyoongea na binadamu, na ndiyo maana sisi tunavunjika mbavu.

Lakini ndani yake Kermit ni Bob Cratchit, karani maskini mwenye mtoto mgonjwa. Scrooge anapoonyeshwa siku zijazo, kiti cha mtoto ki tupu, na mkongojo wake umeegeshwa. Chura anarudi nyumbani kutoka kumtafutia mtoto kaburi, anajikaza mbele ya familia. Baba anamlilia mtoto, na nyuma ya kamera yuko mtoto aliyefiwa na baba.

Sauti si ileile. Sikiliza vizuri, iko juu kidogo, kama ya mtu anayeogopa kukosea. Mimi kila nikifika hapo huongeza sauti ya televisheni.