Kitufe cha Mlango

Tarehe 2 Desemba 1969 Marie Van Brittan Brown alipewa hataza ya Marekani namba 3,482,037. Brown alikuwa muuguzi, mwanamke Mweusi, mkazi wa Jamaica, eneo la Queens jijini New York. Mumewe Albert, ambaye jina lake limo pia katika hataza hiyo, alikuwa fundi wa elektroniki. Saa zao za kazi hazikulingana, kwa hiyo mara nyingi Brown alibaki nyumbani peke yake usiku, na polisi wakiitwa mtaani kwao walichelewa kufika. Ukigongewa mlango saa nane za usiku katika hali hiyo, una njia mbili: uende ukachungulie, au ujifanye haupo. Yeye alitaka njia ya tatu.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu haihusiani na kamera hata kidogo. Lakini michoro ya hataza hii nimeiangalia mara nyingi kuliko nyaraka zangu mwenyewe. Mlangoni kuna matundu manne, moja juu ya jingine, ili hata mgeni mfupi au mtoto aonekane. Upande wa ndani kamera inapanda na kushuka kwa mota, ikisimama kwenye tundu unalolitaka. Picha inakwenda kwenye televisheni iliyoko chumbani. Kuna maikrofoni na spika za kuzungumza na aliye nje, kuna kitufe cha kufungua komeo kutoka mbali, na kingine cha kuomba msaada. Ombi la hataza liliwasilishwa Agosti 1966, wakati kamera za namna hii zilikuwa vitu vya jeshi, viwanda na benki.

Kinachonivutia si kwamba alitangulia. Wanaotangulia ni wengi. Ni kwamba mtambo mzima unamtii mtu mmoja, yule aliye ndani. Yeye ndiye anayeona, yeye ndiye mwenye kitufe. Aliye nje anaonwa tu.

Mambo yalianza kubadilika kwa sababu ya kahawa. Mwaka 1991 watafiti wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge walichoka kushuka ngazi na kukuta birika tupu, wakalielekezea kamera ili walione kwenye skrini zao. Mwaka 1993 picha hiyo iliwekwa kwenye wavuti, na watu wa nchi za mbali wakawa wanaangalia birika la kahawa wasiyoweza kuinywa. Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Lund, Sweden, ikaanza kuuza kamera iliyochomekwa moja kwa moja kwenye mtandao, bila kompyuta kando yake. Picha zake zilikuja kwa kujikongoja. Hata hivyo jicho na mwenye jicho hawakuhitaji tena kuwa chini ya paa moja.

Hapo ndipo tatizo la mlango lilirudi kwa sura nyingine. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi kila kifaa. Kwa hiyo tangu miaka ya 1990 nyumba nzima hutumia anwani moja, na ruta ndiyo inayogawa mawasiliano ndani. Kifaa cha ndani kikiita nje, jibu linarudi vizuri. Lakini wewe ukiwa nje na ukataka kuiona rekoda ya nyumbani kwako, ruta haijui unamtaka nani, inakuacha umesimama. Mafundi walizoea kufungua poti kwenye ruta: anayebisha poti fulani apelekwe kwenye rekoda. Poti iliyo wazi kwako iko wazi kwa dunia nzima. Kinachobaki kati yako na dunia ni nywila, na nywila za vifaa vingi zilikuwa zile zile zilizotoka kiwandani.

Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani, mmoja wao mwanafunzi wa chuo kikuu, waliandika programu iliyoitwa Mirai. Haikuwa na ujanja mkubwa. Ilizunguka intaneti ikibisha hodi kwenye kamera, rekoda na ruta, ikijaribu orodha ya majina na nywila kama sitini hivi: admin, 12345, na nyingine kama xc3511, ambayo katika baadhi ya rekoda mwenye nyumba hakuwa hata na sehemu ya kuibadilisha. Kisha wakaiachia hadharani. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa vilivyotekwa kwa Mirai viliielemea kampuni ya Dyn, na kwa saa kadhaa Wamarekani wengi hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Vitu vilivyonunuliwa kuzuia wezi vilikuwa vimeshikwa mkono na wageni, na wenyewe wamelala.

Siku hizi poti haifunguliwi sana. Unaskani msimbo wa QR, kamera yenyewe inaita seva ya kampuni, simu yako nayo inaita seva hiyo hiyo, mnakutanishwa. Ndiyo maana kamera ya laini ya simu inafanya kazi hata shambani. Ni rahisi, na mimi nimewaunganishia watu kadhaa. Ila sasa kuna mtu wa tatu katikati. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya Ring kwamba iliwaachia wafanyakazi wake kutazama video za faragha za wateja. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8.

Mjomba wangu anaishi Doha na nyumba yake iko Chanika. Kamera nne, moja sebuleni. Dada wa kazi huko kila asubuhi anaiambia kamera ya sebuleni, "Shikamoo baba." Mara nyingi haijibu. Siku nyingine, akiwa katikati ya kudeki, ukuta unasema, "Marahaba, hujambo? Mbona geti halijafungwa?"

Anashinda peke yake na watoto wawili wadogo. Mtu akigonga geti, picha yake inakwenda Qatar. Nilimwambia mjomba kwamba programu inaruhusu kumshirikisha mtu mwingine, apewe japo kamera ya getini aione kwenye simu yake.

"Aone nini?" akaniuliza.

Nikamweleza. Akasema sawa, atafikiria. Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Dada akigongewa bado anavua ndala zisisikike, anatembea taratibu hadi getini, anachungulia kwenye tundu la kufuli.